Tangi la samaki la lita 2,000 nyumbani: lilaze, usilisimamishe

Swali: Nimestaafu jeshini na sasa namalizia nyumba yangu ya ghorofa moja hapa Bombo, Uganda. Nataka tangi la samaki litakaloshika ukuta mzima wa sebule ya juu: urefu mita 3, kimo mita 1.2, upana sentimita 60. Fundi mmoja wa Katwe, kule Kampala, ameniambia kioo cha milimita 10 kinatosha. Maji ninayo ya kisima cha pampu. Ningependa kufuga sangara, sato na kambare mamba, ili wajukuu wawajue samaki wa kwao. Umeme huku unakatika ovyo. Je, inawezekana, na nianzie wapi?

Jibu: Jambo afande. Inawezekana, ila si kwa mchoro huo. Vipimo vyako vinatoa lita 2,160. Ukibaki na urefu wako wa mita 3, ukapanua tangi hadi mita 1 na kulishusha hadi sentimita 70, unapata lita 2,100. Maji ni karibu yale yale, lakini hilo la pili linajengeka na la kwanza ni hatari.

Sababu ni hii. Kinachoamua msukumo wa maji kwenye kioo ni kina, si wingi wa lita. Juu kabisa maji hayasukumi kitu, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyozidi kukaza, kiasi kwamba jumla ya nguvu huongezeka kwa mraba wa kimo. Tangi lako la mita 1.2 likijaa, kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2,160 hivi, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Lishushe hadi sentimita 70 na nguvu hiyo inakuwa kama kilo 735. Umeondoa theluthi mbili ya hatari bila kupoteza maji yoyote ya maana.

Kwa kimo cha mita 1.2 na urefu huo, hesabu ya kawaida ya watengenezaji wa matangi inadai kioo cha zaidi ya milimita 30, kama hakikufungwa kwa juu. Milimita 10? Mimi nisingekaa mbele yake kunywa chai. Fundi wako huenda ni hodari wa madirisha, na dirisha linapambana na upepo wa dakika chache. Kwa kimo cha sentimita 70 nunua kioo cha milimita 19, kisha uweke mikanda ya kioo hicho hicho, yenye upana wa sentimita 10 au 15, ikizunguka ukingo wa juu kwa ndani, na mikanda miwili ikikatiza katikati. Mikanda hiyo ndiyo inayozuia kioo kirefu kutumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii mpaka siku ya kusafisha. Mkono wa mtu mzima, kuanzia kwapani hadi ncha za vidole, ni kama sentimita 70. Kwenye tangi la mita 1.2 utalazimika kuvua nguo na kuingia humo ndani kila jiwe likianguka. Hata kwenye hili ninalokupendekezea, acha nafasi ya nusu mita nyuma yake ili mtu aweze kupita na kufikia kona za upande ule. Tangi lililobanwa ukutani halisafishwi, na kama likianza kuvuja kwa nyuma utaliona ukuta ukishaota ukungu.

Sasa suala la ghorofani. Vioo vya milimita 19 vina kilo 47.5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tangi tupu pekee litapita kilo 400. Weka maji, mchanga na mawe, unazungumzia karibu tani 3 kwenye eneo la mita za mraba 3. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Wewe utaweka karibu kilo 1,000 kwa mita, na mzigo huo hautahama kama wageni wa arusi. Mhandisi aliyechora nyumba anaweza kukuongezea boriti na nondo, lakini kama zege la juu limeshamwagwa, achana nalo. Lipeleke sebule ya chini, juu ya sakafu iliyoshindiliwa vizuri, na kama bado hujamwaga zege la chini, ongeza unene na nondo mahali pale.

Kitako chake usikitengeneze kwa mbao. Katwe watakuchomelea fremu nzuri ya vyuma na Ndeeba, Kampala hiyo hiyo, utapata plaiwudi ya kila aina, lakini huko kwenu wilaya ya Luweero mchwa hawana simile, na chini ya tangi daima kuna unyevu. Chuma nacho kinahitaji rangi ya kuzuia kutu kila baada ya muda, na utawezaje kupaka rangi chini ya tani 3? Kwa kuwa unajenga, jenga kuta fupi za bloku zenye kimo cha sentimita 75, tatu au nne zikienda toka mbele hadi nyuma, kisha umwage juu yake slabu ya zege yenye nondo. Pima kwa pima maji mara mbili, siku ya kumwaga na zege likishakauka. Juu ya slabu tandaza stairofomu ya sentimita 2 au 3, ndipo kioo cha chini kikae. Chembe moja ya kokoto chini ya kioo chenye mzigo huo inatosha kukipasua, na stairofomu inaimeza chembe hiyo.

Shiti kubwa za kioo zinazoingia sokoni mara nyingi zina urefu wa mita 3.3 hivi, kwa hiyo mita 3 zako ziko salama. Taka kioo cha kawaida, si kile kilichokomazwa kwa moto kama cha milango ya maduka. Kile cha moto kina nguvu, lakini hakitobolewi baada ya kukomazwa, na kikipata jeraha kinamwagika chote kwa mkupuo. Kingo zisuguliwe dukani. Kioo cha chini peke yake kitakuwa na kilo 140 na ushee, hicho ni kazi ya wanaume sita wenye glavu. Na lijenge pale pale litakapokaa, kwa sababu tangi lililokamilika halipiti mlangoni.

Silikoni ndiyo kila kitu. Chukua ile safi ya kuunganisha vioo, ile inayonuka siki inapokauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki, hata kama mwenye duka anakuapia. Futa kingo kwa spiriti, usiziguse tena kwa vidole. Halafu, hapa mafundi wengi huharibu: wanakamua vioo mpaka vinagusana. Vioo viwili visigusane kabisa. Weka vijiti vidogo vya plastiki kutenganisha kwa milimita 2 au 3, silikoni ijae humo bila povu la hewa, kisha uvichomoe baadaye na kuziba matundu. Silikoni hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Kwenye kingo nene kama hizi, ngozi ya juu itaonekana kavu jioni ile ile huku katikati bado ni uji. Ngoja wiki mbili. Kisha jaza robo, ulale. Jaza nusu, ulale. Jaza lote, uliache wiki nzima bila samaki wala mchanga, ukipitisha karatasi ya chooni kwenye kila kona. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho haliwezi kuliona.

Kama siku moja utataka la lita 5,000 na zaidi, hapo acha vioo pande zote. Jenga kuta tatu za zege na uweke kioo upande mmoja wa kutazamia. Ila saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) hadi kiwango cha kuua, kwa hiyo lazima ipakwe epoksi inayofaa maji ya kunywa. Kwa lita 2,100 sioni haja.

Nije kwenye maji, maana huko ndiko matangi makubwa hufia. Samaki wanakunya majini, na uchafu huo hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye chujio huigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitrati, ambayo ina nafuu na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawapo siku ya kwanza. Wanachukua wiki 4 hadi 6 kujengeka, wakati mwingine zaidi. Tangi liendeshwe muda wote huo bila samaki, ukilitia amonia kidogo kidogo na kupima kwa dawa za matone, mpaka siku utakayotia amonia na kesho yake usikute amonia wala nitriti. Ukimpata mtu mwenye tangi zima linalokwenda vizuri akakupa sponji yake chafu, umepunguza wiki kadhaa. Uchafu huo ni wa thamani. Usiusafishe kwa maji ya bomba yenye klorini.

Chujio lenyewe lisiwe kile kidubwasha cha kuning'iniza. Weka tangi la pili la lita 400 chini, kati ya zile kuta za bloku. Maji yateremke yenyewe kupitia bomba la mfuriko, yapite kwenye sponji na mawe ya volkano (yale mepesi yenye matundu ya upande wa Kisoro na Fort Portal ni mazuri sana, na ni rahisi kuliko mipira ya plastiki ya madukani), kisha pampu iyarudishe juu. Lenga pampu inayofikisha lita 8,000 hadi 10,000 kwa saa kule juu, si kwenye maandishi ya boksi. Pampu nzuri ya mkondo mnyoofu (DC) kwa kazi hii hula kama wati 100, yaani yuniti 72 za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla hujanunua kitu.

Umeme ukikatika, mambo mawili hutokea. La kwanza, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafikie mdomo wa bomba la mfuriko. Tangi lako lina mita 3 kwa 1, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 30. Yakishuka sentimita 4, lita 120 zinaingia tangi la chini ghafla. Kama ulikuwa umelijaza hadi ukingoni, ziko kwenye zulia. Acha sentimita za kutosha zikiwa tupu kwenye tangi la chini, na toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, karibu na uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mvuto unaorudisha maji chini. Usitegemee vali ya kuzuia maji kurudi. Konokono mmoja mdogo akikaa hapo, haifungi. Kisha fanya jaribio: zima pampu wewe mwenyewe mchana ukiwa umesimama hapo.

La pili ni pumzi. Bombo iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji ya huku hushika oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa. Samaki wengi, pampu imezimwa, usiku: saa chache tu wataanza kuhema juu. Huhitaji jenereta. Pampu ya hewa ya wati 20 kwenye betri ya volti 12 ya amperi-saa 100, ukitumia nusu tu ya betri, itakwenda kama saa 30. Paneli moja ya sola itaijaza. Ukiwa na nafasi kifedha, unganisha na pampu kubwa kwenye inveta, lakini hewa ndiyo ya lazima. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kufuata waya, na fundi wa umeme akuwekee swichi inayojikata umeme unapovuja.

Kipasha joto sikushauri. Samaki wa Victoria wanaridhika na nyuzi 23 hadi 27, na chumba kilichofungwa Bombo hakiko mbali na hapo. Maji mengi hivi hayapoi haraka. Kuyapandisha nyuzi 1 tu kunakula zaidi ya yuniti 2.

Kubadilisha maji: robo ya tangi kila wiki ni lita 500 na kitu. Kwa lugha ya Uganda, jerikani 26 hivi kuingia na jerikani 26 kutoka, kila Jumamosi. Hakuna mjukuu atakayekubali zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo lazima kuwe na bomba la inchi 2 lililofukiwa, linalotoa maji kutoka kwenye tangi hadi nje kwenye migomba (migomba itakushukuru, maji hayo ni mbolea), na bomba jingine linaloleta maji kutoka kwenye tangi lako la juu la plastiki. Maji ya kisima hayana klorini, ila mara nyingi hutoka yakiwa na oksijeni haba, hewa ya ukaa nyingi, na chuma. Yapulizie hewa kutwa nzima humo kwenye tangi la plastiki. Chuma kitatua kama vumbi jekundu na pH itapanda mahali pake halisi. Pima pH baada ya hapo, si yakitoka kisimani. Maji ya mvua peke yake usiyatumie, hayana madini ya kuishikilia pH isianguke.

Samaki sasa, na hapa nitakuvunja moyo kidogo. Sangara hukaribia mita 2 na anaweza kupita kilo 150. Hata yule mdogo wa kiganja atawala wenzake wote kwanza, kisha atakua mpaka ashindwe kugeuka. Kambare mamba naye hufika mita na nusu na zaidi, ana taya zinazosaga magamba ya konokono, na kidole cha mtoto kwake ni laini. Huyo huishi peke yake au haishi na mtu. Sato wanafaa kidogo, lakini wanachimba, wanang'oa kila mmea, na wakitaga wanalifanya tangi zima kuwa shamba lao.

Ukitaka wajukuu wawajue samaki wa kwao, wafuge furu, hao nkejje ambao watu wengi wanawajua wakiwa wamekaushwa kwa moshi, wametungwa kwenye vijiti. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zao zinazokadiriwa kupita 500. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana miaka ya 1980, na aina nyingi mno za furu hazikuonekana tena. Watu wachache huwaona furu wakiwa hai kwenye maji meupe. Dume anang'aa nyekundu, buluu au manjano, anachimba shimo mchangani na kucheza mbele ya jike. Jike akitaga anayachukua mayai mdomoni na kuyabeba kwa wiki mbili au tatu bila kula sawasawa, na watoto wakitoka, kivuli kikipita wanarudi mbio mdomoni mwake. Nimeona mzee mmoja mkali kweli akisimama kimya mbele ya hilo kwa muda mrefu, na chai yake ikapoa.

Kwa lita 2,100, furu 50 wa sentimita 10 hadi 12 wanatosha. Majike wawe wengi kuliko madume, mara tatu hivi, na mawe yapangwe yakatize macho ili dume mmoja asitawale mita zote 3. Usichanganye aina zinazofanana. Majike huchagua dume kwa rangi, na rangi zikififia, kwa mwanga mbovu au maji machafu, wanazaa machotara. Watafiti walilionyesha hilo kwa furu wa Victoria katika miaka ya 1990. Taa iwe nyeupe. Kwa upatikanaji, kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi wanajua zaidi sato na kambare, lakini ni mahali pazuri pa kuulizia, na afisa uvuvi wa wilaya atakuambia kibali gani unahitaji. Waliovuliwa kwa wavu wengi hufa. Nunua waliozaliwa kwenye matangi kama ukiwapata.

Usichote mimea wala mawe yenye konokono kutoka ziwani. Konokono wa Victoria hubeba kichocho, na wewe utakuwa unatia mkono humo kila wiki. Na samaki wakizidi, wape watu au uwale; usiwamwage kwenye bwawa wala mto.

Cha kufanya kabla ya yote, kabla hata ya kumpigia fundi wa kioo: kama zege la sebule ya chini bado, mwambie mjenzi afukie sasa bomba la kutoa maji la inchi 2, bomba la kuingiza la inchi 1, na mrija wa nyaya za umeme, vyote vikiishia nyuma ya zile kuta za bloku. Na kisima kipimwe chuma, ugumu wa maji na pH. Ukipata majibu ya kipimo, niletee, nitakuambia kama maji hayo yanawafaa furu jinsi yalivyo au yanahitaji kuchanganywa na ya mvua.